Choo kikigoma: namna ya kutumia kidonge cha kuweka nyuma

Kijana mmoja aliingia dukani akajifanya anasoma bei za dawa za meno mpaka wateja wote wakaondoka. Tulipobaki wawili akasogea kaunta, sauti chini.

"Sista, naomba ile dawa ya tumbo."

"La kuharisha?"

"Hapana."

"Kiungulia?"

"Hapana. Ile... ya kinyume chake."

Nikampa pakiti. Nilipoanza kumweleza inavyotumika, alikuwa ameshafika mlangoni, pakiti ndani ya mfuko wa suruali. Siku ya tatu alirudi kulalamika kwamba dawa ni feki. Nikamuuliza ameitumiaje. Alikuwa ameimeza, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa maji.

Bahati yake vilikuwa vya gliserini, havikumletea zaidi ya kichefuchefu. Lakini si yeye peke yake. Kuna aliyekiweka pamoja na ganda lake la plastiki. Kuna aliyeweka vitatu kwa mkupuo kwa sababu cha kwanza "kimechelewa" dakika kumi. Wengi kabisa ni wale wanaokiweka kisha wanakimbilia chooni papo hapo, kidonge kinatoka kizima kama kilivyoingia, wanabaki wanalaumu kiwanda. Chanzo ni kilekile: mnunuzi ana aibu ya kuuliza, na sisi wauzaji tuna aibu ya kutaja. Basi hapa nataja.

Kabla ya kununua

Kufunga choo si kukosa choo siku moja. Wapo watu wanaopata choo kila baada ya siku mbili, laini, bila tabu, na hao ni wazima. Tunasema mtu amefunga choo akipata chini ya mara tatu kwa wiki, au akipata kigumu kama cha mbuzi, au akikamua mpaka jasho linamtoka halafu anasimama bado anahisi kuna kilichobaki.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi: dawa ya kuweka nyuma inafanya kazi kwenye puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo, karibu kabisa na tundu la haja kubwa. Kama choo kimeshafika hapo mlangoni kikakwama, unakisikia kabisa kipo na hakitoki, dawa hii ndiyo yake. Kama choo bado kiko juu huko, tumbo zito tu na huko chini huhisi kitu, kidonge cha nyuma hakitakifikia. Huyo anahitaji dawa ya kunywa, kama laktulosi, ambayo huchukua siku mbili au tatu kuleta matokeo, au vidonge vya kumeza vya bisakodili vinavyofanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana humezwa usiku. (Hivyo vya kumeza usivitafune, wala usivinywe na maziwa au dawa ya kiungulia. Ganda lake litayeyukia tumboni kabla ya kufika linakotakiwa, na utasokotwa na tumbo usiku kucha.)

Halafu kuna hali ambazo hutakiwi kuweka chochote nyuma. Nenda hospitali, tena siku hiyohiyo, ukiwa na:

- maumivu makali ya tumbo ambayo hujui chanzo chake, hasa yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia. Huenda ni kidole tumbo;
- kutapika, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, na hata ushuzi hautoki. Hiyo ni dalili ya utumbo kuziba, na kuuchochea utumbo ulioziba kunaweza kuupasua;
- homa pamoja na maumivu ya tumbo;
- damu nyingi kwenye choo, au choo cheusi kama lami na wewe hutumii vidonge vya madini ya chuma.

Aliyefanyiwa upasuaji wa puru au tundu la haja kubwa hivi karibuni asijitibu. Mwenye bawasiri iliyovimba au mchaniko unaouma naye amwone mhudumu kwanza, maana dawa itamchoma na anaweza kujiumiza zaidi wakati wa kuiweka. Na kama una umri wa kuzidi miaka 50, choo chako kimebadilika ghafla bila sababu na unapungua uzito, usizibe tatizo hilo kwa pakiti ya dukani. Linahitaji uchunguzi.

Jiulize pia unatumia dawa gani nyingine. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodini na mofini, na baadhi ya dawa za kiungulia hufunga choo. Usiache dawa uliyoandikiwa. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie inavyokufanya, mara nyingi kuna njia ya kurekebisha.

Zilizopo dukani

*Vidonge vya gliserini.* Vina umbo la risasi, vinang'aa kama jeli, vimefungwa kimoja kimoja kwenye ganda la plastiki. Gliserini huvuta maji, hulainisha choo na kuuchokoza ukuta wa puru kidogo ili usukume. Ndiyo dawa ya upole kuliko zote za nyuma, na ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Kuna vya watu wazima na kuna vidogo vya watoto, na kipimo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo soma boksi, usichukue kwa kukisia. Hufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi saa moja.

*Vidonge vya kuweka vya bisakodili.* Vya mtu mzima ni miligramu 10. Hivi huamsha mishipa ya fahamu ya utumbo ili ujikaze na kusukuma. Vina nguvu zaidi, na msokoto wa tumbo ni kawaida kiasi. Majibu hupatikana pia ndani ya dakika 15 hadi saa moja. Sharti lake ni moja: lazima kiguse ukuta wa puru. Ukikichomeka katikati ya choo kigumu hakitaamsha chochote.

*Enema ya fosfeti.* Hii ni chupa laini ya plastiki yenye mdomo mrefu na maji ya chumvichumvi ndani. Ina nguvu, ina haraka, na ndiyo yenye hatari kuliko hizo mbili. Nitairudia chini, na ningependa ufike huko kabla hujainunua.

Kuweka kidonge, hatua kwa hatua

Chagua saa. Utumbo una tabia ya kuamka baada ya kula, hasa asubuhi. Nusu saa baada ya chai ni wakati mzuri. Usiweke ukiwa unajiandaa kupanda daladala, na kama unaishi nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, hakikisha kwanza foleni ya asubuhi imeisha. Nasema kwa uzoefu. Saa moja ijayo inabidi uwe na choo ambacho hakina mtu.

1. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kikijaa utahisi kubanwa mara mbili na hutajua kipi ni kipi.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Kata ukucha wa kidole utakachotumia. Hapa ndipo watu wengi hujichubua, halafu wakiona damu wanadhani ni dawa. Glovu ikiwepo vaa, isipokuwepo kidole kisafi chenye ukucha mfupi kinatosha.

3. Bonyeza kidonge kikiwa bado kwenye ganda. Kikiwa kimelegea kwa joto, kitumbukize hivyohivyo na ganda lake kwenye kikombe cha maji baridi, au kiweke kwenye friji, kwa muda mpaka kikaze. Dar au Mombasa mwezi wa pili usitegemee kidonge kilichokaa juu ya kabati kitakuwa kigumu.

4. Fungua ganda. Upande mmoja utaona plastiki imegawanyika kuwa ncha mbili kama midomo ya ndege. Shika ncha moja kwa kila mkono uvute, ganda litapasuka katikati mpaka chini. Usikikamue kitoke kama dawa ya meno, kitakatika. Toa kidonge kizima. Ganda lote linabaki mkononi, haliingii mwilini.

5. Kichovye kwenye maji safi. Maji tu. Usikipake mafuta ya mgando, kwa sababu mafuta hukizunguka kidonge na kukizuia kulainika na kufanya kazi. Usikishike muda mrefu pia. Joto la vidole linatosha kukifanya kiteleze kama samaki.

6. Lala kwa ubavu wa kushoto, mguu wa kushoto umenyooka, goti la kulia limekunjwa kuelekea tumboni. Upande wa kushoto una sababu: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imelalia huko, kwa hiyo dawa inateremkia ndani badala ya kurudi nje. Asiyeweza kulala anaweza kusimama na kuweka mguu mmoja juu ya kigoda, au kuchuchumaa.

7. Inua tako la juu kwa mkono mmoja. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu kwa mdomo, na wakati unaitoa ndipo usukume kidonge ndani. Msuli wa mlango hulegea unapotoa pumzi, na hubana unapoogopa. Endelea kukisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kiupite ule msuli unaobana. Kwa mtu mzima ni kina cha sentimita 3 au 4 hivi. Utajua kimepita kwa sababu ghafla hakikusukumi tena kidole. Ukikiacha kabla ya hapo, kitarudi. Kama ni bisakodili, kielekeze pembeni kiegemee ukuta.

8. Bana matako, ubaki umelala. Sasa subiri.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya dakika mbili utahisi choo kinakuja. Hakiji. Hicho ni kidonge chenyewe unachokihisi. Jizuie dakika 15 angalau, 20 ni bora zaidi, ukiweza. Chukua simu, sikiliza redio, hesabu mbao za dari. Ukiinuka dakika ya tatu umetupa hela. Haja ya kweli ikija utaitambua: inakuja kwa mawimbi, na tumbo linashiriki.

Kuhusu ncha gani itangulie, iliyochongoka au butu, nimeulizwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Karatasi nyingi za dawa husema ile iliyochongoka. Mwaka 1991 madaktari wa Misri waliandika katika jarida la Lancet kwamba ikitangulia butu, msuli wenyewe hukivuta kidonge ndani na hakirudi kirahisi. Ubishi haujaisha. Fuata karatasi ya pakiti yako, na kama kinarudi kila mara, jaribu upande wa pili. Hakuna atakayekukamata.

Ukifika chooni, usikamue kwa nguvu. Wenye choo cha kuchuchumaa wameshapata mkao mzuri. Kwenye choo cha kukaa, weka kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Mkao huo hunyoosha njia. Ukimaliza nawa mikono tena kwa sabuni.

Kuchoma kidogo, tumbo kusokota kidogo, ute kidogo kwenye choo: kawaida. Damu nyingi, maumivu yasiyopoa, kizunguzungu cha kuanguka: si kawaida, nenda kituo cha afya.

Saa moja imepita, kimya

Usiongeze kingine. Kidonge kimoja kwa siku ndiyo kawaida, na bisakodili hasa ukiirudia unatafuta kuharisha na kupoteza maji na chumvi za mwili. Kunywa maji, tembea, kula. Siku inayofuata unaweza kurudia. Ikigoma tena, tatizo si nguvu ya dawa. Ama choo hakijafika mlangoni kama nilivyosema, ama kimejikusanya na kukauka kuwa donge kubwa ambalo linahitaji mkono wa mhudumu wa afya.

Hilo la donge lina hila yake. Mtu, mara nyingi mzee, anakuwa hajapata choo wiki nzima, halafu ghafla anaanza kuharisha majimaji, yanamtoka hata bila kujua. Nyumbani wanashangilia, au wanamkimbizia dawa ya kuzuia kuharisha. Kumbe donge bado limekaa palepale, na yanayotoka ni maji yanayopenya pembeni yake. Ukimpa dawa ya kufunga umemzibia kabisa. Ukisikia habari ya kuharisha baada ya siku nyingi za kukosa choo, mpeleke akapimwe.

Na hata zikifanya kazi vizuri, usizitumie mfululizo zaidi ya wiki moja bila kumwona daktari.

Enema ya fosfeti

Watu huipenda kwa sababu inajibu haraka. Inafanya kazi kwa kuvuta maji mengi kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na fosfeti yake nyingine huingia kwenye damu ikiwa haitatoka kwa wakati. Januari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kutumia zaidi ya dozi moja ndani ya saa 24 kunaweza kudhuru figo na moyo, na kumekuwa na vifo.

Kwa hiyo: chupa moja, basi. Mtoto chini ya miaka 2 haruhusiwi kabisa. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo, aliyeishiwa maji mwilini, mwenye umri wa kuzidi miaka 55, anayetumia dawa za kukojosha, baadhi ya dawa za presha kama losatani na enalapili, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, asiiguse bila daktari kumwambia. Mjamzito vivyo hivyo. Ukihesabu vizuri, hiyo ni nusu ya wateja wanaoniomba.

Kama umeruhusiwa: iwe na joto la kawaida la chumbani, isitoke kwenye friji. Lala kwa kushoto kama mwanzo. Toa kifuniko, hakikisha mdomo una mafuta yake (zingine huja zimepakwa tayari), uingize taratibu ukielekea kitovuni. Ukigonga kitu usilazimishe, rudisha nyuma kidogo, geuza mwelekeo. Kamua chupa polepole, kisha itoe ukiwa bado umeibana ili isivute maji kurudi. Bana dakika 2 hadi 5, nenda chooni. Kama nusu saa imepita na hakuna kilichotoka, si choo wala yale maji, usingojee kesho. Hiyo ni safari ya hospitali, kwa sababu dawa bado iko ndani inaendelea kunyonywa.

Watoto

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila choo. Kama ananyonya vizuri, anaongezeka, tumbo ni laini na choo kikija ni laini, huyo hajafunga choo. Mwacheni. Kujikunja na kuwa mwekundu usoni ni mtoto anayejifunza kusukuma akiwa amelala chali, jambo ambalo hata wewe lingekushinda.

Mtoto mchanga ambaye hajatoa choo chake cha kwanza cheusi ndani ya siku mbili tangu azaliwe, au anayetapika rangi ya kijani, au tumbo limevimba, apelekwe hospitali bila kupitia dukani kwangu.

Chini ya miaka 2 usiweke kidonge mpaka mhudumu wa afya amwone mtoto na kukuambia kipimo. Kwa mkubwa zaidi tumia vya gliserini vya watoto, vile vidogo. Kukata cha mtu mzima nusu kwa kisu ni kubahatisha, na kinabaki na kona za kumkwaruza. Mlaze mtoto ubavu, au chali na miguu imeinuliwa kama unambadilisha nepi. Ingiza sentimita moja hadi mbili tu, kisha mshikilie matako yakiwa yamebanwa pamoja kwa dakika chache. Mwambie kabla unachotaka kufanya. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu akawekewa kitu atazuia choo kesho kwa woga, na hapo mtakuwa mmeanza tatizo jipya.

Sasa kile kipande cha sabuni. Najua bibi alikuwa akichonga kipande cha sabuni ya mche, anakilowesha, anamchomeka mtoto, na choo kinatoka. Kinatoka kweli, kwa sababu sabuni inauunguza ukuta wa utumbo na utumbo unajitetea. Ukuta huo ni laini kuliko ndani ya shavu lako. Hebu weka sabuni ya kufulia ndani ya shavu dakika kumi uone. Maji ya sabuni, dawa za miti shamba kwa bomba, pilipili, vyote viko kundi hilo, na mtoto mdogo anaweza kuumia vibaya. Asali nayo isimguse mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kwa kulamba, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumua.

Mzee au mgonjwa wa kitandani

Anayehudumia mama mkwe au babu anajua ugumu si wa mikono, ni wa macho. Mwambie kwanza, kwa sauti ya kawaida: "Shikamoo bibi. Leo siku ya nne, nataka nikuwekee ile dawa ya choo. Unaniruhusu?" Funga mlango. Mtandike khanga ya zamani au mpira chini. Mgeuze kushoto, mfunike khanga nyingine kuanzia kiunoni mpaka miguuni, ufunue pale tu unapohitaji. Mpe mtu wa jinsia yake afanye kazi hiyo ikiwezekana. Nimeona wazee wakivumilia siku kumi kwa kukwepa kuvuliwa nguo na mkwe wao.

Aliyeumia uti wa mgongo ni habari nyingine. Kwake, kuguswa puru kunaweza kupandisha presha ghafla, kichwa kikauma sana na jasho likamtoka usoni. Ukiona hivyo acha mara moja, mkalishe, tafuta msaada wa haraka. Afuate utaratibu aliofundishwa hospitali, si huu wangu.

Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani atahitaji dawa ya choo kila siku kwa muda wote anaotumia mofini. Hiyo hupangwa na daktari. Familia isimlaumu kwamba hali mboga.

Mjamzito: gliserini kwa kawaida haina shida, lakini mtajie mkunga wako kliniki kabla. Na akupangie upya vidonge vya chuma, usivitupe.

Mwezi wa Ramadhani

Kila Ramadhani naulizwa kama kidonge cha nyuma kinafunguza. Wanazuoni wamehitilafiana, na mimi si shehe. La kitabibu ninaloweza kusema ni kwamba hakuna haja ya kuweka mchana. Weka baada ya futari, wakati tumbo limeshapata chakula na maji. Na ukiangalia futari zetu zenyewe, sambusa, katlesi, chai mbili na tende tatu, halafu maji glasi moja hadi daku, choo hakikuwa na namna zaidi ya kugoma.

Nje ya Ramadhani hesabu haibadiliki sana. Ugali wa dona badala ya sembe, maharage au kunde mara nyingi kwa wiki, matembele, papai lililoiva asubuhi, maji ya kutosha mkojo uwe mwepesi rangi. Ongeza taratibu, siku kadhaa, vinginevyo gesi itakufanya upunguze kuniamini. Na haja ikija, nenda. Kondakta, mwalimu, muuza duka, wote tuna tabia ya kusema "nitaenda baadaye", na choo kinachorudishwa kinanyonywa maji na kukauka.

Vilivyobaki

Weka boksi mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na watoto. Vikiyeyuka na kuganda tena vikapoteza umbo, tupa, kwa sababu hutavisukuma vizuri. Angalia tarehe. Na kama nyumbani kuna mtu mwingine anayefungua friji, chukua kalamu ya wino uandike juu ya boksi kwa herufi kubwa, SI YA KUMEZA. Yule kijana sasa huja kununua na hasubiri tena duka liwe tupu. Wiki iliyopita alinisahihisha mbele ya wateja watatu: nilimwambia dakika 15, akasema, "Ishirini, sista. Mwenyewe uliniambia ishirini."